Upawa Mmoja, Mtoto Mmoja

Kaptula ndiyo iliyoanza kusema. Mimi ni fundi cherehani, na sare za wajukuu wa dada yangu nilizikata siku moja, kutoka kitambaa kimoja. Wale ni mapacha, mvulana na msichana, na wakati nikiwapima viuno vyao vilikuwa karibu sawa. Muhula haujafika nusu, kaptula ya mvulana ikarudi imepoteza kifungo, na sketi ya msichana ikarudi kwa sababu ilikuwa inamporomoka akikimbia. Nikafumua mshono wa kaptula, nikaachia kitambaa cha akiba. Sketi nikaibana. Haukupita muda, vyote viwili vikarudi tena na mashtaka yaleyale.

Mimi napenda kujua mambo. Wengine wanauita umbea, mimi nauita ufundi. Watoto wanaolala chumba kimoja, wanakula sufuria moja, tena wanapakuliwa na mkono wa dada yangu, inakuwaje mmoja afure na mwenzake anyauke?

Ukimjua dada yangu utaona kwa nini swali hilo lilininyima raha. Yeye ni mpishi wa shule, na watoto wa shule wamembandika jina la Sawasawa. Hawamwiti hivyo mbele yake, ila analijua, na tukiwa wawili hulisema mwenyewe huku akitabasamu. Jina lilitokana na upawa. Wali anausawazisha juu ya upawa kwa kipande cha ubao, na maharage anayagonga ukingoni mwa sufuria mpaka yaache kudondoka, ndipo anamimina. Upawa mmoja, mtoto mmoja. Mtoto wa mwalimu mkuu na mtoto wa mlinzi wa geti wanapata kilekile. Mwalimu mmoja aliwahi kumnong'oneza amwongezee mwanawe kidogo, eti ni dhaifu. Dada akamjibu kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Mwalimu, udhaifu wa mwanao tuutafutie dawa, lakini maharage ni haya haya." Tangu hapo mwalimu yule alipita mbali na jiko kwa muda mrefu.

Haki hii hakufundishwa na mtu. Kwetu tulizaliwa wengi, na mama yetu, Mungu amrehemu, alipakua kwa kufuata kelele. Mimi kitinda mimba nilikuwa na mapafu, nikashiba. Dada alikuwa mnyamavu, halafu ndiye aliyesaidia kupika, kwa hiyo wenzake wakishapakuliwa yeye aliachiwa sufuria akwangue. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," huniambia mpaka leo tukigombana, na hapo mimi hunyamaza, maana mwenye shibe nilikuwa mimi.

Shule iliponunua vyombo vipya, dada alipewa upawa wa zamani, akaja nao nyumbani. Tunakaa nyumba moja. Mimi nina chumba cha mbele chenye cherehani, yeye ana vyumba vya nyuma pamoja na binti yake na mapacha wa binti huyo. Baba wa watoto ni dereva wa malori ya safari ndefu. Mama yao anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, anatoka kabla hakujakucha na kurudi amechoka hata salamu anaitikia nusu. Matumbo ya watoto, basi, yako mikononi mwa bibi yao. Shule wanayosoma haina jiko, kwa hiyo chakula chao kikubwa ni cha alasiri, dada akisharudi kazini. Nyumbani sheria ni ileile ya shuleni, imeongezwa moja tu: hakuna anayetoka kwenda kucheza mpaka sahani iwe nyeupe.

Mvulana amepewa jina la marehemu babu yake, ndiyo maana sote tunamwita Babu, na dada anamwita mume wangu, kama ilivyo haki ya kila bibi. Ni mtoto mpole, anafikiri kabla ya kujibu. Pacha wake tunamwita Chiriku, na sababu utaijua ukikaa naye dakika moja. Huyo hata akiwa anakunywa maji anazungumza.

Siku moja nesi wa kituo cha afya, anayepita shuleni kwao kila muhula kuwapima watoto, akaagiza mzazi aje. Mama yao alikuwa kazini, dada akaenda, na mimi nikapata kisingizio cha kupeleka sare za mteja upande huo huo. Nesi alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Akatuambia kwamba Babu uzito umezidi urefu wake, na Chiriku uzito umepungua kuliko inavyotakiwa.

"Mama, nyumbani nani anapakua?" akauliza.

"Mimi," dada akajibu, kifua mbele. "Na napakua sawa."

"Sawa kwa nani, mama?"

Dada akanigeukia, nami nikajifanya nahesabu vifungo.

"Huyu mvulana hatutaki akonde," nesi akaendelea. "Bado anakua. Tunataka uzito usimame kidogo, urefu umfikie. Msimnyime chakula na msimsimange. Huyu msichana naye msimlazimishe. Wekeni chakula kizuri, halafu mtoto mwenyewe awaambie kashiba au bado."

Dada alivumilia mpaka tulipotoka getini. "Umesikia hayo? Mtoto aniambie kashiba! Muulize mtoto, atakwambia kashiba wali na ana njaa ya biskuti!" Nilicheka, kwa sababu ni kweli, nami nina biskuti kwenye droo ya cherehani na ninawajua wateja wake.

Jioni ile hakukuwa na cha kucheka. Mpwa wangu, mama wa mapacha, alirudi na habari nyingine aliyopewa na mama wa mtoto mwenzao: shuleni Babu wanamwita Gunia. Ndiyo maana alikuwa anavaa sweta hata jua likiwaka. Mama yake akaketi kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Mama, mimi nimechoka," akasema. "Nesi atapima tena muhula ukiisha. Akisema bado, Babu ataenda kwa shangazi yake, na shule ahamie huko huko. Shangazi yake hana mchezo na chakula."

"Utatenganisha mapacha?"

"Chiriku atabaki. Lakini huyu siwezi kumwangalia akiitwa gunia huku nyumbani tunamjaza."

"Nani anamjaza? Wanapata sawa!"

"Basi hiyo sawa yako ina kasoro, mama."

Dada yangu alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye lundo la vitambaa ambalo mtu mwingine angekalia ningemfukuza. "Mume wa kwanza alichukuliwa na Mungu," akasema. "Na huyu nichukuliwe na shangazi?" Alisema kama mzaha, lakini machozi yalikuwa yameshafika. Mimi nililia kabla yake. Nyumba ile bila Babu sikutaka hata kuifikiria.

Kesho yake akafanya jambo ambalo sikudhani nitaliona. Alivunja sheria yake. Alimpakulia Babu nusu upawa, na ile nusu aliyopunguza akamwongezea Chiriku. "Mmoja azidi kidogo, mmoja apungue kidogo, watakutana katikati," akaniambia. Hesabu ilikuwa nzuri, hata mimi niliikubali.

Wiki chache baadaye nikampima Babu kiuno. Kilikuwa kimeongezeka.

Nilipima tena, nikidhani nimepitisha futi juu ya sweta. Nikampima Chiriku, naye yuko palepale, mbavu unazihesabu. Nikamwita dada aone mwenyewe. Akaitazama futi, akaipindua kama mtu anayekagua pesa bandia. "Futi yako imelegea," akasema. Nikamwambia futi yangu inavalisha nusu ya mtaa huu, na kama imelegea basi mtaa mzima ungekuwa unatembea umeshika suruali mkononi.

Ndipo ukaanza upelelezi. Kwanza alishukiwa mwenye duka la kona, ambaye aliapa kuwa Babu akija dukani hununua penseli tu. Kisha jirani yetu wa kulia, mwanamke asiyeweza kumwona mtoto bila kumpa kitu mkononi. Yeye alikiri ndizi moja moja, lakini ndizi haifanyi kazi hiyo. Mwishowe macho ya dada yakatua kwangu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema polepole, "na hapa mwenye nguo ni wewe."

"Unamaanisha nini?"

"Biskuti za kwenye droo. Wewe ulizoea kushiba, unadhani kila mtoto lazima ashibe kama wewe."

Nilikasirika sana. Nikaifungua droo, nikaimwaga yote mbele yake: vifungo, chaki, nyuzi, na pakiti ya biskuti haijafunguliwa. Niliacha kuzinunua kwa ajili yao tangu siku ya nesi, na hakuna aliyenishukuru. Tukanuniana siku mbili. Kununiana nyumba moja ni kazi ngumu, mkikutana mlangoni kila mmoja anamsubiri mwenzake apite.

Hasira ndiyo iliyonipa akili. Nikajisemea, kama kila mtu ni mshukiwa, basi nitakwenda kukaa pale pale penye chakula nione kinavyoliwa. Na hapo nikagundua jambo ambalo miaka yote lilikuwa mbele ya macho yangu: hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaona watoto wale wakila. Mama yao yuko kazini au amelala. Mimi niko kwenye cherehani. Dada akishapakua, anawapelekea sahani mkekani chumba cha kati, anarudi jikoni, na huko anakula akiwa amesimama, anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko huku maji ya kuoshea vyombo yakipata moto. Anatoka zinaporudi sahani, anazikagua, nyeupe zote mbili, anasema vizuri, nendeni.

Alasiri ile nikachukua sketi ya mteja na sindano, nikaketi mkekani kando yao. "Nimefuata mwanga wa dirisha," nikawaambia. Walinitazama, wakatazamana, wakaanza kula. Chiriku alikula vijiko vichache huku akisimulia habari za paka aliyezaa nyuma ya choo cha shule. Kisha akanyamaza, nami nikajua kuna jambo. Aliisukuma sahani yake taratibu mpaka ikagusana na ya nduguye. Babu alikuwa ameshamaliza nusu upawa wake. Akaanza ya pili.

Nilimwangalia uso. Nimewahi kuona watoto walafi, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, na mlafi ana furaha yake. Babu hakuwa na furaha. Alikula kama mtu anayefua nguo za wengine.

"Babu," nikamuuliza, "bado una njaa?"

Akafikiri. "Hapana, bibi mdogo."

"Sasa kwa nini unakula?"

Chiriku akadakia, kama kawaida. "Mimi nimeshiba. Na bibi hataki sahani ibaki na kitu."

"Asipomaliza haruhusiwi kutoka," Babu akasema. "Kuna siku alikaa humu mpaka giza likaingia. Sasa nje nitacheza na nani?" Akatua kidogo. "Wengine hawachezi na mimi."

Sindano ilinichoma kidole, sikuisikia. Nilielewa yote kwa mara moja, mpaka ile hesabu yetu nzuri. Tulipompunguzia Babu na kumwongezea Chiriku, tulimpunguzia kwa mkono wa kulia tukampa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anakula nusu yake, pamoja na ya dada yake, pamoja na ile nyongeza. Na hakuna aliyekuwa mlafi pale. Alikuwa anamlipia dada yake ruhusa ya kutoka.

Nilisahau kuwa tumenuniana, nikaenda jikoni. Dada alikuwa ameikumbatia sufuria kwa mkono mmoja, kijiko kwenye mkono wa pili. Nikamweleza. Akafoka: kwa nini hawakusema, kwa nini watoto wa siku hizi wanaficha mambo. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kwa hiyo ni upawa wangu," akasema.

"Si upawa, dada."

"Ni upawa." Akautazama ukiwa umening'inia kwenye msumari. Nilitegemea alie, lakini akaniuliza swali ambalo mimi mdadisi wa nyumba sikuwahi kulifikiria. "Hivi mdogo wangu, mtu anajuaje kwamba ameshiba?"

"Anajua tu."

"Anajuaje?"

Mimi huacha kula nikisikia nimeridhika, lakini kule kusikia nitamweleza vipi mtu? Tulibaki tunatazamana kama wanafunzi waliofeli.

Siku iliyofuata dada alileta sufuria nzima mkekani, akaketi, akampa Babu upawa. "Leo kila mtu anajipakulia," akasema. "Anza kidogo, ukitaka utaongeza. Ukishiba, acha. Kitakachobaki tutakihifadhi. Na kucheza mtatoka wote mkimaliza, sahani iwe nyeupe isiwe nyeupe."

Watoto walidhani ni mtego. Chiriku alijiwekea kijiko kimoja, akangoja kugombezwa. Babu alijiwekea mlima. Niliona dada ameshika magoti yake kwa mikono miwili ili midomo isifunguke. Babu akala, akapunguza mwendo, akaacha kula mlima ukiwa umebaki nusu yake.

"Umeshiba, mume wangu?"

"Sijui, bibi." Akatazama sahani. "Mimi huwa naacha chakula kikiisha."

Dada akanitupia jicho, akaliondoa haraka.

Siku za mwanzo zilikuwa vurugu. Kuna siku Babu alikula mpaka tumbo likamuuma, kuna siku Chiriku alikula viazi tu na kuacha mboga zote, na wali uliobaki dada aliufunika kwa huzuni kama anamfunika mgonjwa. Lakini udadisi ulikuwa umemwingia. Kila alasiri alikaa pale akiwauliza: kunaanzia wapi, tumboni au mdomoni? Chiriku alisema akishiba chakula kinaacha kuwa kitamu. Babu alichukua muda mrefu zaidi. Siku moja akaweka kijiko chini sahani ikiwa na kitu, akasema, "Bibi, nadhani ndiyo hii." Dada alimpigia makofi, nami nikatoka nje kidogo kupenga kamasi.

Muhula ukaisha. Siku ya kupima, mama yao aliomba ruhusa kazini aje mwenyewe. Babu alivua sweta akapanda kwenye mizani, na mimi nikashika mkono wa dada bila kujua. Nesi akasoma, akampima urefu, akasoma tena.

"Uzito umesimama pale pale," akasema. "Na amerefuka. Ndicho tulichotaka. Huyu msichana naye amepanda kidogo. Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu," dada akasema. "Tumeacha kufanya."

Mpwa wangu aliwageukia watoto wake. "Kwa shangazi mtakwenda," akasema, na roho ikanipasuka, "wote wawili, kutembea wiki moja, kisha mrudi nyumbani." Chiriku alikuwa ameshaanza kuuliza kama shangazi ana paka.

Tulirudi nyumbani, dada akapika. Siku ile tulikaa mkekani sote, hata mpwa wangu, ambaye alikuwa amevua viatu. Upakuaji ulikuwa zamu ya Babu. Dada aliweka sufuria katikati, akanyanyuka kurudi jikoni kama mguu wake ulivyozoea, na Chiriku akamvuta nguo akaketi. Babu akachukua sahani tupu, akamgeukia yeye wa kwanza.

"Bibi, wewe nikuwekee kiasi gani?"

"Pakulia wenzako, mume wangu. Mimi nitakula kitakachobaki."

"Hakijabaki. Ndiyo kwanza naanza," akasema. "Kiasi gani?"

Dada yangu, aliyepakulia watoto ambao sasa wana watoto wao, akanitazama mimi kama vile jibu ninalo. Nilikumbuka sufuria ya mama na kijiko cha kukwangulia, nikainamisha kichwa.

"Anza kidogo, bibi," Chiriku akamwambia. "Ukitaka utaongeza."

Babu akauzamisha upawa, akaugonga ukingoni kama alivyomwona bibi yake akifanya, akammiminia. Dada alikula taratibu, ameketi. Katikati akasimamisha kijiko, akatulia, kama mtu aliyesikia anaitwa na hana hakika ni nani anayemwita. Sote tukaacha kula tukimngoja.

"Bado," akasema, naye akashangaa kujisikia. Akanyoosha sahani kwa mikono miwili. "Mume wangu, niongeze."